Zamu ya Maji

Nilikikuta juu ya paa, Khuwair,
chini ya mguu wa kiyoyozi kilichogoma,
kimekunjwa mara mbili ili mashine isitetemeke.
Kitabu. Kiswahili chetu hiki hiki cha nyumbani,
jalada limeliwa na jua, jina limebaki nusu,
na ubavuni la mwandishi: Ghaniya binti Khalfan.
Nikatia kipande cha mbao mahali pake
nikashuka nacho.

Mimi na historia tuligombana darasa la sita.
Miaka ilipangwa ubaoni kama makopo ya nyanya,
mfalme huyu kafa, mfalme yule kaja,
na hakuna hata mmoja aliyeumwa jino.

Huyu Ghaniya, ukurasa wa kwanza tu,
kaniletea mtu mwenye jino bovu:
Khuwaylid, mpima maji wa Birkat al-Mauz,
miaka mia mbili na ushei nyuma,
kasimama usiku wa manane ukingoni mwa falaji,
shavu limemvimba, macho juu,
anangoja nyota ichomoze mgongoni mwa jabali
ndipo amfungulie fulani lango la matope
na kumfungia fulani.
Saa yake ilikuwa mbingu.

Nilisoma ndani ya gari, mteja ananipigia simu.
Nilisoma nikila, mchuzi wa papa ukadondokea ukurasa wa themanini,
ndio hasa mwaka wa ukame,
tajiri wa mtaa wa juu kaja na kifuko cha fedha:
"Iharakishe kidogo hiyo nyota yako."
Maji ya mayatima. Robo zamu tu. Nani ataona?
Nikakifunga kitabu kwa hasira,
nikakifungua tena kabla chai haijapoa.
Sikwambii kama alipokea. Kitafute mwenyewe.

Mama akawaambia majirani: Zahran kapata mchumba,
anacheka peke yake chooni.

Usiku ule nikapanda darini kuitafuta nyota.
Khuwaylid aliiita Thuraya;
bibi yangu, Mungu amrehemu, akiita Kilimia.
Taa za Ghubra zilikuwa zimekimeza.
Mbingu nyeupe, maziwa yaliyochacha.
Hapo nikaelewa ni kitu gani kimepita,
na si wafalme.
Giza. Lile giza zuri la kusomea saa.

Ijumaa nikaendesha hadi Birkat al-Mauz.
Migomba, vumbi, kuta za udongo zilizong'oka nusu.
Nikamwuliza kijana aliyekuwa akiosha miguu mferejini:
kaburi la Khuwaylid mpima maji liko wapi?
"Khuwaylid bin nani?"
Nikamtajia ukoo kama Ghaniya alivyouandika.
Akacheka. "Hapa hakuna watu hao, wala hawajapata kuwapo.
Zamu siku hizi tunaitana kwa simu."

Nikaketi ukingoni, nimefiwa.
Umewahi kufiwa na mtu asiyezaliwa?
Huna tanga la kukaa, huna pa kupeleka ubani.
Maji lakini yalikuwa yale yale,
membamba, yana haraka, yanapita chini ya ukuta
kama ukurasa wa kumi na mbili ulivyosema,
na jiwe la lango lilikuwa na mfuo wa kamba,
mfuo wa kina, wa miaka na miaka.
Labda Ghaniya alikaa hapa hapa,
akapitisha kidole kama ninavyopitisha mimi,
akajiuliza kamba hii ilishikwa na mkono wa nani,
akakosa jibu,
akauandika mkono.

Tangu siku hiyo muuza vitabu wa Ruwi ananijua kwa hatua.
Ananiwekea chini ya meza: mfua fedha wa Nizwa,
mkunga wa Sur, karani mlevi wa forodhani,
na watunzi wengine ambao sikujua wapo,
kila mmoja na maiti wake anaowakohoza.
Mmoja kakosea bei ya tende, nikamnunia wiki nzima.
Kisha nikamsamehe. Anajua kuandika kiu.

Leo niko Khuwair tena, paa lile lile.
Kiyoyozi kinadondosha.
Mjane wa ghorofa ya tatu kaweka ndoo, maji ya mrehani wake;
jirani kaja kimya kimya na kopo,
kaisogeza ndoo kidogo, kidogo tu.
Skrubu zote nimekaza, kazi imekwisha,
nalipwa kwa saa moja.
Sishuki.
Nahesabu matone.